Neno Moja Nililoruka

Jumatatu, tarehe 3 Februari
Kutoka kwetu, mutaa wa Bigo, kwa miguu. Saa moja niko hospitali. Wiki ya tano ya staji, najifunza ukalimani, kazi ya bure. Wagonjwa saba leo, wengi ni wamama wa Djugu. Dokta Esther anasema Kifaransa, mimi nageuza kwa Kilendu. Kule Kpandroma nilifundisha primeri miaka kumi na mbili. Tulikimbia vita, masomo ikafungwa. Hapa Bunia walimu ni wengi kuliko madarasa. Nikimaliza miezi tatu watanipa karatasi, niombe kazi ya ukalimani. Muke wangu Furaha anauzisha makala ya kupikia, haniulize kitu. Ile kimya inaniuma.

Jumatano, tarehe 5
Muzee Dheda, mulimaji wa viazi, wa kwetu Kpandroma. Nilifundisha mujukuu wake. Ugonjwa ya sukari imeozesha muguu ya kuume. Dokta Esther alisema wazi: wakate chini ya goti, ama atakufa. Muzee akaniangalia. Nikamuambia tu: "Watakufanyia operasyo kwa muguu." Kukata, sikusema. Akacheka, akaweka kidole kwa karatasi ya kukubali. Operasyo ni Ijumaa. Dokta akanisifu. Nikaona haya.

Alhamisi, tarehe 6
Muzee alikuwa anaelezea jirani wa kitanda vile atalima mvua ikianza, na muguu yenye kupona. Nikashindwa kukaa. Nikamuambia Dokta Esther yote.
Akauliza: "Weye ulitaka nikate mutu mwenye hajui?"
Tukaenda kwa kitanda pamoja. Nikasema Kilendu, neno kwa neno: watakata, chini ya goti. Nikasema pia kosa ni yangu.
Muzee akauliza: "Mwalimu, uliniona mutoto?"
Akaomba karatasi yake. Akaipasua.
Naogopa. Akikataa atakufa, na mimi ndiye nimemuua.

Ijumaa, tarehe 7
Operasyo hakuna. Muzee anataka mukalimani mwingine. Hakuna mwingine. Anageukia ukuta.
Mukubwa wa staji ameniita. Zile wiki tano hazihesabike. Kama ninataka, nianze upya. Nikasema ninataka.
Nyumbani nikaeleza Furaha. Hakugomba. Akauliza, "Na muzee?" Ndiyo ulizo yake ya kwanza juu ya hii kazi.

Jumamosi, tarehe 8
Muzee ameniita mwenyewe. Iko na maulizo. Watakata na nini? Atasikia maumivu? Muguu wataipeleka wapi? Ataweza kupalia akikaa chini? Choo ataenda namna gani? Ile ya choo aliisema polepole, macho chini. Nikageuza yote, sikuruka. Dokta Esther akavuta kiti, akajibu moja moja. Ilipita saa nzima.
Muzee akasema, "Sasa lete karatasi."

Jumatatu, tarehe 10
Wamekata. Muzee iko muzima. Nilikaa inje kwa benchi mupaka wakamaliza.

Jumanne, tarehe 11
Muzee ameamuka na hasira. Anasema supu ya hospitali ni maji tu, na mikono ya dokta ni baridi kama ya maiti. Nikageuza vile vile, na maiti ndani. Dokta Esther akacheka, akasugua mikono yake kabla ya kumugusa tena.
Kisha wakaniita kwa mama mwingine, kitanda ya tisa. Nikaenda.