Karatasi Tatu za Anselme

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Nimefagia ua, nimechambua maharage, nimeosha vyombo. Sufuria kubwa haipo. Niliianika kichanjani, nikaenda kuchota maji, niliporudi imeshaondoka. Ni sufuria ya harusi ya Maman. Chini ina kiraka chenye vichwa vitatu vya misumari. Alikitia Anselme, fundi sufuria, jirani yetu wa chini.

Hii ni ya tano kuibwa hapa kilimani tangu mvua ianze. Na jembe la Mzee Gaspari pia.

Maman hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Tangu nimalize shule bila kupata nafasi ya kuendelea, kazi yangu ni kuangalia ua huu. Hata hiyo imenishinda.

Alhamisi, 7 Oktoba

Nyumbakumi wetu, Papa Mado, amekuja kuongea na Papa. Jumapili baada ya misa kutakuwa na kura ya wezi. Kila mtu mzima ataandika jina la mtu anayemdhania. Atakayefikisha karatasi sita ndiye mwizi. Karatasi tupu hairuhusiwi. Anayeacha tupu anamficha mwizi.

Wasiojua kuandika wataandikiwa. Mwandishi ni mimi.

“Huyu mutoto yako anaandika muzuri,” alimwambia Papa, “na hanaga kinywa.”

Papa alicheka, maana ni kweli sina maneno. Mimi niliangalia miguu yangu. Lakini nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu shule, mtu amenihitaji kwa kitu nilichosomea.

Jumapili, 10 Oktoba

Imekwisha. Niandike kama ilivyokuwa.

Walinikalisha kwenye kigoda nyuma ya migomba, na penseli na vikaratasi. Walikuja watu tisa, mmoja mmoja. Watatu wa kwanza waliniambia sikioni: Anselme. Kwa sababu anaingia nyua zote kuuliza sufuria zinazovuja. Kwa sababu alikaa Kongo msituni miaka miwili na hakuna anayejua alikula nini. Watatu walisema majina mengine, kila mmoja lake.

Kisha akaja Mzee Gaspari. Alikohoa, akakaa chini. “Mimi jembe yangu ilipotea, lakini muntu sijue. Andika tu sawa bengine.”

Yaani kama wengine walivyoandika. Nilipaswa kumwambia: Mzee, taja jina, au niende nikamuulize Papa Mado tufanye nini. Kwenda kwa Papa Mado ilikuwa ni kupita mbele ya watu wote na kusema kwa sauti. Nikaandika Anselme. Jina lilikuwa tayari mkononi.

Maman Feza akasema vilevile, sawa bengine. Na yule mjane wa juu. Nikaandika Anselme, Anselme.

Papa Mado alizisoma zote mbele ya watu. Anselme nane. Anselme mwenyewe alicheka kwanza.

“Munajua muzaha, nyinyi.” Kisha akaona hakuna anayecheka. “Batu banane? Banani?”

“Ni siri,” akasema Papa Mado.

Adhabu: hakuna wa kumpa moto wala chumvi, na ametolewa kwenye ingobyi mpaka akiri na kurudisha vitu. Ingobyi ni machela yetu ya mianzi. Kila nyumba hutoa mwanamume wa kubeba, na kila nyumba hubebwa ikipata mgonjwa. Anselme ndiye mbebaji wa mbele. Mwaka jana Maman alipotaka kujifungua Hamisi, ni yeye aliyeshika mti wa mbele mpaka hospitali ya Gihundwe, mwendo wa saa nzima na zaidi.

Papa anasema tumshukuru Mungu, vilima vingine mwizi anapigwa mpaka anakufa. Hapa hakuna aliyepigwa. Ni kweli. Nilikula vizuri jioni.

Jumatano, 13 Oktoba

Mke wa Anselme, Verena, alipita na kigae chake kuomba kaa la moto. Tumbo limeshuka, siku zake ziko karibu. Maman alikuwa shambani. Nilijifanya sijasikia hodi. Nilikuwa nyuma ya mlango. Alisema hodi mara tatu, kisha akaenda.

Nimezihesabu tena. Nane toa tatu ni tano. Sita haikufika.

Jumanne, 19 Oktoba

Mvua toka asubuhi.

Saa nane mchana Anselme alikuja mbio kwa Papa Mado, inakotundikwa ingobyi. Verena ameshikwa na uchungu tangu jana, mtoto hasogei. Niliyaona na kuyasikia yote kutoka uani kwetu, nyumba zinatazamana. Wanaume wanne walikuwa pale barazani, wanakwepa mvua. Papa Mado alisema jina lake halimo kwenye orodha ya ingobyi, na orodha ni orodha, akiri kwanza.

“Nikiri nini? Muniambie nilichoiba, nitakiri,” alisema Anselme. “Lakini tumubebe kwanza.”

Mmoja alisimama. Wengine walimwangalia. Akakaa.

Anselme alimbeba mkewe mgongoni. Amemfunga kwa kitenge kama mtoto. Walipita mbele ya ua wetu, yeye ameinama, matope mpaka magotini. Maman alitupa jembe, akachukua nguo kavu, akawafuata. Mimi nilibaki na Hamisi. Hiyo ndiyo sababu yangu, Hamisi. Sina nyingine.

Jumatano, 20 Oktoba

Maman amerudi. Verena alijifungulia njiani, chini ya mikaratusi, kabla ya Gihundwe. Mtoto wa kike. Hakulia. Verena mwenyewe yuko hospitali, ataishi.

Maman alipofika aliosha miguu, akalala akiangalia ukuta.

Nimeua mtoto? Nimeliandika swali hili, nikalifuta, nimeliandika tena.

Jumamosi, 23 Oktoba

Papa ana cherehani yake sokoni Kamembe. Leo amerudi na sufuria ya Maman.

Aliiona imepangwa chini na nyingine za kuuzwa. Akaigeuza, akaona kiraka chenye misumari mitatu. Muuzaji akasema anazinunua kwa mtu anayekuja na gunia kila Jumamosi. Wakamsubiri. Alifika kabla ya adhuhuri na gunia jingine. Si mtu wa kwetu, anatoka upande wa Bugarama. Alitaja kilima chetu mwenyewe, alitaja na jembe. Sasa amefungwa, yuko kasho.

Papa aliiweka sufuria mezani. Hakuna aliyeigusa.

Jumapili, 24 Oktoba

Mkutano mfupi. Papa Mado amesema Anselme amerudishwa kwenye ingobyi, na watu wamwombe radhi. Watu walisema ndiyo, ndiyo. Anselme hakuwepo. Mzee Gaspari alikohoa muda wote.

Kila mmoja alimwangalia mwenzake kutafuta wale wanane. Mimi hakuna aliyeniangalia. Hanaga kinywa.

Jumanne, 26 Oktoba

Nimekwenda kwa Papa Mado. Nilisimama mlangoni kwa muda mrefu mpaka mkewe akaniuliza nimetumwa nini. Nikamwambia Papa Mado zile tatu. Nilisema yote.

Alinisikiliza. Kisha akasema taratibu: “Mwanangu, kura ni siri. Ukifungua moja, zote zitafunguka. Na sisi wote tunakaa hapa.”

Alikuwa na woga. Sikujua kwamba watu wazima wanaogopa kama mimi.

Jumatano, 27 Oktoba

Nimekwenda kwa Verena. Nilichukua kaa la moto kwenye kigae, ingawa sasa wana moto wao.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka. Kifuani amejifunga kitambaa kwa nguvu, kukausha maziwa. Nilimwambia bila kukaa. Majina ya wale watatu sikuyataja, nilitaja mkono wangu tu.

“Ngapi?” aliuliza.

“Tatu.”

Aliangalia vidole vyake. Nadhani alikuwa anahesabu.

“Ungesema tu: hawa hawakutaja muntu. Maneno haya kidogo.”

Nilianza kulia. Hakuninyamazisha na hakunifukuza. Baadaye akasema niende, mume wake yuko njiani, na yeye mwenyewe bado hajui kama atamwambia. Kigae alikipokea.

Jumamosi, 6 Novemba

Mvua imepungua. Mzee Gaspari kifua kimembana, tangu alfajiri hapumui vizuri. Papa Mado alishusha ingobyi. Walikuwa watatu, alikosekana wa mbele. Hakuna aliyethubutu kwenda kumwita Anselme, jina lipo kwenye orodha lakini mlangoni kwake hakuna anayepita.

Alikuja mwenyewe. Amevaa kofia yake ya zamani. Hakusalimia. Aliinama, akaweka kata begani, akashika mti wa mbele mkono wa kulia, pale pale pa siku zote. Mzee Gaspari alimwona, akajifunika uso na blanketi.

Mimi nilikuwa nimesimama njiani na ndoo. Walipofika, Anselme aliniangalia. Sijui kama Verena amemwambia.

“Sogea, mutoto,” alisema. “Kunateleza.”

Nilisogea. Niliwasikia wakihesabiana hatua mpaka kona ya mikaratusi, kisha sikusikia tena.

Nimerudi nyumbani, nimebandika maharage kwenye sufuria kubwa. Maman amekubali itumike. Kiraka hakivuji.