Ukurasa wa Pili wa Barua ya Baba

Jumapili, 9 Mei 1982

Misa ya kwanza, uji, kisha pamba. Tumechambua tangu saa nne. Safi kwenye tenga kubwa, fifi, ile yenye madoa, kwenye gunia. Ncha za vidole zinauma. Baba ametuchezesha mchezo wake: kila mmoja aseme kwa Kiingereza mkono wake unafanya nini, na neno lililokwisha kutumika halirudiwi. Anayekwama anaimba. Wadogo zangu, Kulwa na Doto, wanakwama makusudi kwa sababu wanapenda kuimba. Mama hajui Kiingereza. Anasema kwa Kisukuma, Baba anatafsiri, na kila mara Mama ndiye mshindi. Baba alicheka mpaka akajifuta macho kwa pamba.

Hakuna jibu kutoka China. Miezi mitatu sasa. Mama anafurahi kimyakimya. Mimi nafurahi kuliko yeye.

Niandike sababu, maana daftari hili halisomwi na mtu. Bwana Chen alikuwa mkalimani wa mafundi wa Kichina waliochimba visima huku Ibadakuli. Jumapili alikuja kwetu kuzungumza Kiingereza na Baba. Mwaka jana alirudi kwao, akapata kazi kwenye chuo cha ualimu. Chuo kinatafuta mwalimu wa Kiingereza kutoka Afrika, naye akamtaja Baba. Februari wakamwomba Baba aandike kurasa mbili: wa kwanza historia yake, wa pili namna anavyofundisha. Baba alikuwa anaondoka alfajiri kwenda semina Mwanza. Zilibaki karatasi mbili tu nzuri. Akaweka sahihi chini ya kila moja ikiwa tupu, akanipa rasimu ninakili. Mwandiko wangu ni mzuri. Wake, anasema mwenyewe, ni wa kuku.

Ukurasa wa kwanza nilinakili. Wa pili sikunakili. Alikuwa ameandika kama ripoti ya mkaguzi: muhtasari, maandalio, nidhamu. Niliona aibu kwa ajili yake. Hakuwa Baba kabisa. Nikaandika wangu. Nikabandika bahasha kwa uji na kuipeleka posta kabla hajarudi.

Sahihi ya Baba, maneno yangu. Nina miaka kumi na sita na nimeghushi.

Jumatano, 12 Mei

Imekuja.

Baba alirudi saa sita mchana, jambo ambalo hafanyi. Baiskeli aliiangusha uani bila kuiegemeza. Miaka miwili, kuanzia Septemba. Nyumba, tiketi ya ndege, kila kitu. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa Juni.

Akaisoma barua kwa sauti, akitafsiri kwa ajili ya Mama. Walimu wa chuo wamevutiwa hasa na ukurasa wa pili. Wameusoma mbele ya kikao. Wanataka aje awafundishe wanachuo wao kufundisha vilevile, somo linaloanzia kwenye kazi ya mikono.

Baba akarudia sentensi hiyo. Akageuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma.

"Kazi ya mikono?" akasema. "Mimi?"

Nikachukua ndoo nikaenda kisimani. Pipa lilikuwa limejaa.

Alhamisi, 13 Mei

Sikula. Mama anadhani ni malaria.

Nimewasikia wakizungumza jikoni. Mama hana maneno mengi. "Baba Skola, miaka miwili. Hawa mapacha watakuamkia kama mgeni."

"Nitawaandikia."

"Wasomee wapi? Hata a bado wanaiandika kichwa chini."

Baba akacheka kidogo. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Anadhani barua si yake. Kuna mwombaji mwingine, labda Mganda, labda Mghana, na karatasi zimechanganywa. Mtu huyo ndiye aliyeandika habari za mikono. "Siwezi kuchukua nafasi ya mtu, Mama Skola."

"Basi usiichukue," Mama akasema upesi mno.

Baadaye nilimwona Baba amefungua atlasi ya shule, anautafuta mji ule kwa ncha ya kijiti. Haumo. Aliendelea kuutafuta.

Anataka kwenda. Sikujua anataka kiasi hicho.

Ijumaa, 14 Mei

Kipindi cha pili, Kiingereza, Kidato cha Tatu B. Fimbo juu ya meza. Tulikariri. Mwalimu Anselmi, yaani Baba, husema, sisi tunajibu kwa pamoja kama litania. Aliyechelewa kujibu alisimama kona mpaka kengele. Mimi nakaa mstari wa tatu na ninamwita Mwalimu kama wengine. Hapa hacheki. Sijawahi kumwona akicheka humu.

Nimekumbuka niliyoandika kwenye ukurasa wa pili. Kwamba mwalimu huyu hana vitabu vya kutosha, kwa hiyo huanza na kazi iliyo mikononi mwa mwanafunzi. Kwamba anayekosea huimba, na darasa zima huimba naye. Kwamba huuliza maswali ambayo majibu yake hata yeye hayajui.

Si uongo. Ni uongo.

Shija wa darasa letu amenikuta bombani. "Ndio hao Wachina. Mtakula vyura, Skola."

"Haendi," nikasema.

"Nani kakwambia? Mkuu wa shule ameshaanza kulia kwamba hana mwalimu mwingine wa Kiingereza. Asipokwenda yeye, mwambie nitakwenda mimi. Vyura nawajua tangu mtoto."

Watu wote wanajua. Nani amesema? Nadhani Doto.

Jumapili, 16 Mei

Padre ametangaza kanisani. Baba alisimama, akainamisha kichwa, akakaa. Baada ya Misa watu walipanga foleni kumpa mkono. Mama alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

Babu ametuma habari kutoka Ushirombo. Anakuja. Anakuja na mbuzi.

Jambo linakua, na mimi ndiye niliyelipanda.

Jumatano, 19 Mei

Baba ameandika jibu. Anawashukuru. Anawaambia kwa heshima kwamba wamemdhania mtu mwingine, kwamba ukurasa wanaousifu hakuuandika, na kwamba wamtafute mwenyewe apewe haki yake.

Amenipa mimi ninakili.

"Ile ya kwanza uliinakili vizuri," akasema. "Nakili na hii. Iondoke Ijumaa."

Nikasema ndiyo Baba.

Ninaitazama tangu hapo. Ni rahisi sana. Nakili kila neno, safari hii kwa uaminifu. Barua itakwenda, watatafuta faili lao, hawatampata mtu mwingine, watachoka. Mama atapata anachotaka. Baba hatajua kamwe. Na mimi nitakuwa salama.

Naye atabaki akiamini kwamba kule mbali kuna mwalimu mzuri kuliko yeye, na nafasi ilikuwa ya huyo.

Alhamisi, 20 Mei

Sijanakili. Nimesema wino umekwisha. Wino upo.

Ijumaa, 21 Mei

Babu amefika kwa lori la chama cha ushirika, amekaa juu ya magunia, mbuzi kati ya miguu. Shikamoo zimechukua nusu saa. Anamwita Baba kwa jina, Anselmi, hivyo tu, na Baba anakuwa mdogo ghafla.

"Mimi mtu wa mbali kabisa aliyewahi kuniita alikuwa Kahama," Babu akasema, "na alikuwa ananidai ng'ombe. Mwanangu anaitwa na China."

Baba akamweleza kwamba huenda barua ina makosa. Amekwisha kuandika kukataa.

Babu akatafuna michembe yake, viazi vitamu vikavu, polepole. "Jina lililoandikwa ni la nani?"

"Langu."

"Basi makosa yako wapi?"

"Kazi wanayoisifu si yangu, Baba."

"Hayo ni ya kwenu wasomi. Mimi mbuzi nimemleta, na mbuzi huyu hapandi lori tena. Njiani amenitapikia."

Wote walicheka. Baba pia. Kisha akanitazama. "Skola, umemaliza kunakili?"

"Kesho, Baba."

Kesho basi. Sina siku nyingine.

Jumamosi, 22 Mei

Nimesema.

Tulikuwa tunachambua pamba, wote, na Babu kwenye kigoda. Nilikusudia kumwita Baba pembeni. Sikuweza kusimama. Nikasema palepale, macho kwenye tenga. "Baba, ukurasa wa pili niliuandika mimi."

Nilidhani hawakusikia, nikarudia.

"Rasimu yangu uliifanyaje?" Baba akauliza.

"Niliichoma."

"Uliandika nini mahali pake?"

Ninaukumbuka neno kwa neno. Nikausema kwa Kiingereza, wote, mpaka mwisho. Babu hakuelewa hata neno, lakini aliacha kutafuna.

Mama akasema, "Anasema nini?"

Baba akamtafsiria. Kwa Kisukuma, sentensi moja moja, kama anavyofanya kwenye mchezo. Alipofika pale kwenye kuimba alinyamaza. Akatafuta neno. Nadhani hakulikosa neno. Akaendelea, akamaliza.

Mama akaokota pamba, akaiondoa jani, akaitupa kwenye tenga.

"Huyo namjua," akasema.

Baba akainuka akatoka nje. Alirudi jua limezama. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Jumatatu, 24 Mei

Jana yote hakusema nami. Shikamoo aliitikia, basi.

Leo kipindi cha pili ameingia bila fimbo. Akatuambia tuchukue mafyekeo na majembe, tuende kwenye shamba la shule. Darasa likashangilia, likidhani kipindi kimefutwa. Kule akatuambia kila mmoja aseme kwa Kiingereza anachokifanya.

Ilikuwa mbaya. Nusu waliogopa, nusu walicheka. Walizoea kujibu kwa pamoja, mmoja mmoja hawawezi. Shija alisema jambo kuhusu makalio ya mwenzake lililokuwa Kiingereza sahihi kabisa. Baba alipomwambia msichana aliyekwama aimbe, alianza kulia. Alidhani ni adhabu.

Mkuu wa shule akapita. "Mwalimu Anselmi, hawa wana kipindi gani?"

"Kiingereza, Mkuu."

"Na muhtasari?"

"Nitaufikia, Mkuu."

Mkuu alitazama majembe, akatutazama, akaondoka mikono nyuma. Jasho lilikuwa limeloanisha mgongo wa shati la Baba, lile la bluu. Nilitaka kufa.

Jumatano, 26 Mei

Amejaribu tena. Afadhali kidogo. Kidogo sana.

Nyumbani akaniita. Ni mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Kwa nini hukuniambia rasimu yangu ni mbaya?"

"Ningekuambiaje, Baba?"

Akafikiri. Akakubali kwa kichwa kwamba hakuna namna ningemwambia. Kisha akasema kwamba hata hivyo hilo halikunipa ruhusa ya kutumia jina lake. Jina ndilo alilo nalo. Nimesema nisamehe. Amesema amesikia. Hakusema amesamehe.

Alhamisi, 27 Mei

Ameandika barua mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kuku. Alitusomea kabla ya kuifunga.

Anasema ukurasa wa pili uliandikwa na binti yake bila yeye kujua. Anasema ni kweli kwa habari ya nyumba yake na si kweli kwa habari ya darasa lake. Amejaribu darasani mara mbili na ameshindwa, lakini hajaacha. Kama wanamtaka mtu ambaye bado anajifunza jambo hilo, atakuja Septemba, na kwa furaha.

"Wewe unawaambia umeshindwa," Babu akasema. "Mtu anayeomba kazi."

"Ndiyo."

"Mama Skola, nawe unasemaje?"

Mama alikuwa ananyoosha kola ya shati la Baba kwa vidole, shati likiwa mwilini. "Akiitwa kwa jina lake mwenyewe, aende. Nitalima."

Kumbe naye amekubali. Sasa ndipo nilipoogopa kweli.

Mbuzi amechinjwa. Babu amesema barua za ng'ambo zinaweza kusubiri, nyama haiwezi. Kesho anarudi Ushirombo.

Jumapili, 13 Juni

Pamba imekaribia kwisha. Tumecheza, lakini Baba anasahau zamu yake. Ameazima koti la baridi, kujaribu tu. Mikono ni mifupi. Kulwa alisema anafanana na kunguru. Baba alizunguka nalo uani, mabawa wazi, mpaka Mama akamwambia alivue, atalichafua.

Tafadhali, wamkubali. Sijawahi kuomba hivi.

Jumatano, 23 Juni

Hakuna barua. Nimepita posta kwenda na kurudi. Karani sasa ananikunjia uso nikiwa mlangoni.

Ijumaa, 16 Julai

Hawamtaki.

Barua fupi. Wanamshukuru kwa ukweli wake. Wanahitaji mtu mwenye uzoefu wa njia hiyo, na wamempata kwingine. Bwana Chen ameongeza mistari miwili kwa Kiswahili, pembeni: samahani Mwalimu, nimesikitika sana, wasalimie mapacha.

Baba aliisoma mara moja tu. Alimpa Mama, ingawa Mama haisomi. Mama aliishika muda mrefu.

Nimejaribu kuyapitia yote tena. Ningenakili rasimu yake, wasingemwita. Ningenyamaza, angewaandikia wamekosea mtu. Nimesema, naye akawaambia kila kitu. Nimetafuta njia ambayo Baba anapanda ndege. Ipo moja, ile ya kukubali sifa na kunyamaza, na katika hiyo Baba ni mtu mwingine.

Sijisikii vizuri zaidi kwa kujua hivyo.

Jumapili, 18 Julai

Hatukwenda Misa ya kwanza, tulikwenda ya pili. Watu waliuliza safari lini. Baba alimjibu kila mmoja, haipo tena, akamwuliza habari za mavuno.

Mchana alipindua baiskeli uani. Gurudumu la nyuma lilikuwa na pancha. Akatoa mpira, akanipa nishike upande mmoja, tukauzamisha kwenye karai la maji kidogo kidogo tukitazama mapovu. Mama alikuwa anapepeta mtama. Mapacha wamelala.

Povu likatoka. Baba akaweka kidole pale.

"Nilitaka sana kwenda, Skola," akasema.

"Najua, Baba."

Akakausha mpira kwa kanga kuukuu, akausugua kwa msasa, akabandika kiraka na kukibana kwa kidole gumba. Tukangoja gundi ishike. Kisha tukaurudisha majini. Kulikuwa na tundu la pili.