Limi Ametulia

Geita, Juni 1953

Kaka Mihayo,

Shikamoo. Mvua ziliwahi kukatika huku, lakini karanga zimetoka vizuri. Jirani yangu Bhoke amenipitishia kidogo dirishani.

Nasema dirishani kwa sababu Donatus akienda mgodini hunifungia kwa nje, tangu siku niliyoacha chungu motoni nikakimbilia kuangalia ngoma, jiko likaungua. Mume wangu si mkatili. Anaogopa moto.

Wewe unanijua. Ndama wangapi waliingia kwenye mtama wa watu nikiwa nafuata ndege, ukachapwa wewe? Shuleni sista alinisimamisha kwenye kona mpaka nikaizoea kuliko dawati. Nilidhani nikizaa nitatulia. Kichwa bado ni kilekile. Barua hii nimeianza asubuhi, nikaiacha nikashona nusu ya gauni, nikachambua dengu, na sasa jua linazama.

Limi wangu ametimiza miaka sita. Akitumwa maji hurudi na maua, ndoo kaisahau kisimani. Jana baba yake alimtazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Huyu naye?" Leo ametufungia wote wawili.

Mimi usinihangaikie. Njoo na baiskeli umchukue Limi akachunge kwako Samuye, na ndama wakipotea, wapotee. Asubuhi aliugonga mlango mpaka mikono ikamuuma. Tangu mchana amekaa kimya kando yangu, na baba yake akirudi akimkuta hivi, atafurahi.

Mdogo wako,
Paskalia