Mtani Kafukuzwa Msibani

Tunduma, Alhamisi

Wamenifukuza msibani, na msiba wenyewe uko kwenye simu!

Mzee Simbeye, mtani wangu, kafariki. Tangazo likawekwa kwenye kundi letu la mtandaoni, nami nikaandika kama mtani: "Afadhali umekufa, bahili wewe. Sasa tutakunywa kahawa yako bila kupimiwa kijiko." Nyumbani kwake maneno hayo yangewachekesha wafiwa katikati ya kilio. Ndiyo kazi ya mtani.

Mtandao haujui utani, unajua kelele. Komenti inayochochea hasira ndiyo unayoipandisha, na leo juu kabisa alikaa mtu wa mbali asiyemjua marehemu: "Mzee mzima, huna haya?" Wenzake wakamfuata kwa matusi, hadi wasimamizi wakanitoa kundini. Tumaini, mtoto wa marehemu, alikuwa ameshaandika: "Mwacheni, ni mtani wetu." Jibu lake likafichwa chini, hadi ubonyeze ndipo ulione. Nani mwenye hasira atabonyeza? Mfiwa ananyamazishwa, mpita njia anapewa kipaza sauti! Na waliobuni mpango huo wanauita mazungumzo.

Nakiri niliogopa. Niliwaza nisiende kuzika kesho.

Jioni mjane akapiga simu. "Mtani, mbona kimya? Unataka mzee azikwe bila kutukanwa?"

"Mama Tumaini, wamenitoa kundini."

"Kwani kundi ndilo linalochimba kaburi? Njoo Mbozi utukane kwa sauti. Huku hakuna atakayekuficha chini, labda kaburi likibaki na nafasi."