Kinachokunywa Betri ya Pikapu

Jumatatu, 10 Juni

Imegoma tena. Nazungusha ufunguo — tik, tik, kimya. Na vioo vya madarasa vimeshafungwa huko nyuma tangu jana jioni! Baba Pacha katoka na kandambili zake, akasukuma mpaka kwenye mteremko wa seremala. Shati lake la kazini likalowa jasho, wala hakulalamika. Mume kama huyu sijui nilimpatia wapi. Ikashtuka ndipo ikawaka, na mimi nasikia vioo vinalia nyuma, roho mkononi.

Nimefika shuleni, mkandarasi kanuna. Eti nikichelewa tena atatafuta fundi vioo mwenye gari linalowaka. Mbele ya vibarua wote! Nikacheka kama zuzu.

Jumanne, 11 Juni

Kaka kapiga simu. Pikapu ni yetu wawili, basi kila ikikohoa lazima apige. Kwanza eti naacha taa. Siachi! Basi mlango haufungi vizuri. Unafunga! Basi kuna mtu anaitumia usiku. Nani, mimi? Nikate vioo kutwa nzima, halafu nitoke kuzurura? Anataka tuiuze mwezi ukiisha. Kwake rahisi, yeye ana duka. Mimi kioo kirefu kuliko mlango nitakibeba kichwani?

Fundi wa gereji kasema betri imekufa. Nimenunua mpya. Sina hamu.

Jumatano, 12 Juni

Imewaka! Mara moja tu! Nikaupiga busu usukani, mmoja wa watoto wetu pacha akanicheka. Nimewahi kazini kabla ya mkandarasi, nikamsubiri getini makusudi.

Jioni hata honi sijapiga, Baba Pacha keshafungua geti. Chai mezani inafuka moshi. Nimelala kama gogo, kwenye kochi, na viatu.

Alhamisi, 13 Juni

Tik.

Betri mpya kabisa! Nimelipiga tairi teke, sasa kidole gumba kimevimba. Baba Pacha kasukuma. Fundi wa gereji sasa anasema altaneta, ile inayochaji betri. Kaifungua, kaipima, kairudisha — nzima. Basi ni nini? Akafuta mikono: mama, magari mengine yana tabia zake. Tabia! Mtoto ana tabia. Bati lina tabia gani?

Ijumaa, 14 Juni

Tumesukuma. Kioo kikubwa kimepasuka pembeni. Mkandarasi kakitazama, kaondoka. Sitaki kuandika.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeipeleka kwa fundi umeme wa magari, yule wanayemwita Waya. Akachomoa waya mmoja wa betri, akaweka kitaa kidogo katikati. Injini imezimwa, milango imefungwa, ufunguo ninao mfukoni — na kitaa kikawaka! Hafifu, lakini kinawaka. Gari limelala, akasema, ila kuna kitu ndani kiko macho, kinakunywa.

Akanituma kwenye fyuzi. Nichomoe moja moja, yeye atazame kitaa. Ya taa za mbele — bado. Ya honi — bado. Ya waipa — bado. Ya redio — "Hapo hapo! Kimezima!"

Redio? Redio ilikufa kabla pacha hawajaanza shule. Maiti inakunywaje umeme? Tukaitoa yote, tukairudisha ile fyuzi. Kitaa kikawaka tena, na redio iko chini kwenye vumbi! Waya akalala chali chini ya dashibodi, akafuata nyaya kwa vidole. Mara akavuta kitu. Akatoka na kidude cheusi kama kiberiti, kimeviringishwa utepe, kina moto utadhani kimetoka jikoni.

"Mama, hiki cha kufuatilia gari uliweka wewe?"

Mimi? Hata sikujua vipo! Akanieleza: ndani kina laini ya simu. Aliyekiweka anaona kwenye simu yake gari liko wapi. Kikiwa kizima hakili umeme wa maana, lakini hiki kimeharibika, hakilali, kinanyonya mpaka asubuhi. Cha nani, hajui.

Nani zaidi ya Kaka? Damu ikanichemka. Nikaenda mpaka dukani kwake, nikampa vidonge vyake, wateja wanasikia. Ananichunga kama mwizi! Na kuchunga kwake ndiko kunakoua betri, halafu lawama kwangu!

Akakichukua, akakigeuza. "Ni kitu gani hiki? Kilikuwa wapi?" Akamwita mkewe. Wifi naye, "He! Kilikuwa wapi, wifi yangu?" Kaka akidanganya namjua toka utotoni, huwa hawezi kukutazama usoni. Alinitazama. Si yeye.

Nimemwomba radhi. Akanifungia kidude kwenye mfuko wa karatasi kama anamfungia mteja sukari. Akasema, "Pikapu hatuuzi. Nenda nyumbani, mdogo wangu."

Jumapili, 16 Juni

Imewaka. Bila kusukumwa. Nikakaa ndani inanguruma, furaha sikuiona.

Jana sikumwambia mtu hapa nyumbani, nilikuwa na aibu ya Kaka. Leo wakati wa chai nikakiweka kidude mezani, kando ya mkate. Nikasema, Baba Pacha, hiki ndicho kilichokuwa kinatumalizia betri. Ni cha kufuatilia gari. Kuna mtu alikificha kwenye pikapu yangu.

Akakoroga chai. Akasema, "Pole, mama. Basi shida imekwisha." Akaendelea kukoroga. Sukari alikuwa hajatia.

Nimeingia chumbani, nimefunga mlango. Kaka aliniuliza kilikuwa wapi. Wifi aliuliza. Hata jirani niliyemdokezea asubuhi hii, swali la kwanza — kilifichwa wapi? Baba Pacha hajauliza.

Labda hakupenda tu kuniudhi. Labda! Kaka ningegombana naye, tukanuniana, tukapatana. Huyu nalala naye kitanda kimoja. Naogopa kumuuliza, na naogopa zaidi atakavyonijibu vizuri.

Anagonga mlango polepole. Anasema chai yangu inapoa. Nafunga daftari hili, nalisukuma chini ya godoro.