Shira ya Nanasi ya Mwezi wa Agosti

Guagua, Pampanga
Januari 10, 1999

Mwanangu Felisa,

Salamu nyingi sana, na baada ya salamu nakuulizia hali. Mimi sijambo, ni magoti tu yananisumbua, lakini hayo ni ya siku zote. Wewe na mumeo Abner hamjambo? Na mjukuu wangu Dorcas, ambaye hata sauti yake siijui?

Mananasi uliyonitumia yalifika salama. Sikukuu ya Krismasi nilipika kama kawaida yangu. Nilichemsha nanasi na maganda yake, nikachuja, nikatia sukari guru, karafuu na ndimu, nikakoroga mpaka shira ikawa nzito na kushikamana na mwiko. Nikalipaka paja la nguruwe, nikanyunyiza sukari juu, kisha nikauchoma mwiko wa chuma makaani mpaka ukawa mwekundu na kuubandika pale. Sukari ikalia chaa! Marehemu baba yako aliupenda mlio ule kuliko kengele za kanisa.

Halafu nikakaa mezani peke yangu. Jirani yetu Charing alikuja kunionea huruma, akala vipande vinne vya huruma.

Felisa, sitaki ugomvi. Najua niliapa siku ya harusi yako kwamba asiyekula Krismasi hatakanyaga kwangu. Mdomo uliponza kichwa. Najua pia kwamba paja nililokutumia mwaka juzi Abner aliligawa kwa majirani. Nilinuna, yakaisha. Sasa nazeeka, mwanangu, na nataka mtoto huyu ale mezani kwangu japo mara moja. Njooni Krismasi ijayo.

Mamako,
Ima

*

Bukidnon
Februari 21, 1999

Ima wangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimefurahi kusikia u mzima. Yapake mafuta ya nazi ya moto hayo magoti, usiyadharau. Sisi hatujambo.

Ima, Krismasi haiwezekani. Kanisa letu haliijui sikukuu hiyo, na Abner ni shemasi. Akionekana mezani kwako Desemba, jina lake litasomwa mbele ya watu na kufutwa, na langu litafuata. Huku kwenye mashamba ya mananasi, majirani zetu, rafiki zetu, wote ni waumini. Tukifutwa, hakuna atakayetuitikia salamu. Wala usiseme mume amenifunga kamba. Niliingia kwa miguu yangu.

Lakini Dorcas, ambaye hata neno Ima hajui kuwa ni mama kwa lugha ya kwetu, juzi kaniuliza, "Mama, bibi yangu alikufa?" Nikamwambia hapana, yuko mbali tu. Akaniuliza tena, "Mbali kama waliokufa?" Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Ingekuwa siku nyingine, siku isiyo ya sikukuu yoyote, tungekuja mbio.

Mwanao,
Felisa

*

Guagua
Machi 15, 1999

Mwanangu Felisa,

Hamjambo huko? Mimi ni mzima, na tangu barua yako ifike nimekuwa mzima zaidi. Umesema siku isiyo ya sikukuu? Basi nimeitafuta!

Nilikaa na Charing na kalenda ya bucha tukaisaka. Sasa hivi ni Kwaresima, nyama siigusi. Aprili ni Pasaka, na Mei ni ya Bikira Maria, Abner wako atakimbilia msituni. Juni na Julai nina sherehe za ubatizo za watu. Septemba, wajua mwenyewe, redio zinaanza nyimbo za Krismasi asubuhi ya tarehe mosi, na nyota za taa zinatundikwa. Oktoba zinaendelea, Novemba ni ya marehemu. Januari bado Krismasi, Februari mabaki ya Krismasi. Charing akaniambia, "Rosenda, nchi hii haina siku ya kawaida!"

Ila Agosti ipo. Njooni wiki ya kwanza ya Agosti. Nyota sitaitundika, pango la Mtoto Yesu litabaki sandukuni, na sala nitaimeza kimoyomoyo. Litakuwa paja la nguruwe tu, limepakwa shira ya nanasi, siku isiyo na jina. Nguruwe hajui kalenda. Mwulize mumeo kama hilo nalo ni dhambi.

Mamako,
Ima

*

Bukidnon
Mei 30, 1999

Ima wangu mpenzi,

Shikamoo. Nilichelewa kuandika kwa sababu Abner alichelewa kujibu. Alifikiri wiki nyingi, akaenda kuuliza wakubwa wa kanisa. Jana wakati wa kula akasema tu, "Mwandikie mama yako, Agosti tunakwenda." Nililia juu ya wali wangu!

Tutapanda meli Cagayan hadi Manila, kisha basi. Jumamosi tarehe saba tutakuwa kwako. Nakutumia mananasi kwa mtu anayekuja huko Julai. Nimechanganya mabivu na mabichi kidogo, maana mabivu matupu shira yake huchosha ulimi.

Dorcas anauliza kama una meno. Anataka pia kusikia sukari ikilia.

Mwanao,
Felisa

*

Guagua
Agosti 3, 1999

Mwanangu Felisa,

Natumaini barua hii itapishana nanyi njiani, muikute mkirudi, muicheke. Mimi sijambo.

Mvua hainyamazi. Tangu mlima wa volkano ulipotapika majivu, mito yetu imejaa mchanga, na maji yakikosa pa kwenda huja kwangu. Yako magotini sasa, sebuleni. Watu wa mtaa wamehamia shuleni. Mimi sijaondoka, maana paja liko katika chumvi na siku ya kulitoa imefika.

Jiko nimelipandisha juu ya meza. Jana nilivuka barabara kwenda kutafuta makaa makavu, maji yananifika kiunoni, paja nimelibeba kichwani na chumvi yake nisiliache kwa panya. Charing akaniona kutoka ghorofani kwake akapiga kelele, "Wewe Rosenda! Wenzako wanaokoa magodoro, wewe unaokoa nguruwe!" Nikamjibu, "Godoro halina mjukuu!" Nikacheka mpaka nikakanyaga bati, likanichana unyayo. Si kitu, nimeufunga kitambaa.

Makaa nimeyapata. Barua hii ikiwawahi, njooni na viatu vya mpira. Basi linafika mpaka barabara kuu, kutoka hapo kuna mitumbwi. Jumamosi sukari italia.

Mamako,
Ima

*

Bukidnon
Agosti 11, 1999

Ima wangu mpenzi,

Shikamoo. U hali gani? Redioni wanasema Guagua ni maji matupu, na mimi sina pa kukuulizia ila karatasi hii.

Ima, tulifika bandarini. Dorcas alikuwa amevaa gauni lake la manjano. Meli zilizuiwa kwa ajili ya dhoruba, tukalala sakafuni na watu wengine. Asubuhi wakasema tusubiri. Kesho yake wakasema tusubiri. Abner akasimama, akatazama bahari, akasema, "Felisa, Mungu amefunga njia. Tulitaka kumdanganya kwa kubadilisha tarehe." Nikamwambia mvua ya Agosti ni mvua ya Agosti, hata mtoto anajua. Akabeba mzigo. Nikamfuata. Sijui kwa nini nilimfuata, Ima. Meli iliondoka jioni yake, nimeambiwa.

Usinichukie. Agosti nyingine tutakuja. Nijibu upesi, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Felisa

*

Guagua
Agosti 12, 1999

Mwanangu Felisa,

Je, mko wazima? Nauliza kwa moyo wote, maana Jumamosi imepita na sikuwaona, wala sijui mliko. Nasikia kuna meli imezama kwenye visiwa vya Visayas, njiani mwenu. Niambie tu hamkuwa humo, mengine yote nimesamehe.

Nilitengeneza shira kama ulivyosema, mabivu na mabichi. Ilikuwa nzuri kuliko ya mwaka wowote. Sukari sikuichoma asubuhi, nikangoja, nikasema mkiingia tu mlangoni nitabandika mwiko mtoto asikie. Makaa yakafa. Nikawasha mengine. Yakafa nayo.

Jumapili, umeme hakuna na nyama itaharibika, nikaichoma mwenyewe nikawapelekea waliohamia shuleni. Felisa, watu wale walipoona paja linang'aa vile, wakapiga vigelegele, mmoja akaanza wimbo wa Krismasi, wakapokea wote. Agosti! Nilitamani kuwaambia nyamazeni, mkwe wangu atasikia. Kisha nikakumbuka hayupo wa kusikia, nikakaa chini nikalia mbele za watu.

Nina homa kidogo, na misuli ya miguu inauma siwezi kusimama. Charing anasema macho yangu yamekuwa rangi ya nanasi. Ananisumbua twende hospitali. Nimemwambia kesho, leo wanaweza kuja.

Mamako,
Ima

*

Guagua
Desemba 24, 1999

Ima wangu mpenzi,

Shikamoo. Sikuulizi hali.

Barua yako ya mwisho ilifika pamoja na telegramu ya Charing. Nilisoma ya Charing kwanza. Daktari alimwambia ni ugonjwa wa mkojo wa panya, uliingia kwenye kidonda kupitia maji, na ungeletwa mapema ungepona. Kwa hiyo nilisoma maneno yako, "leo wanaweza kuja," nikijua umekwisha zikwa.

Abner alinikataza kuja kwenye arobaini yako kwa sababu padri ndiye angesalisha. Safari hii sikumfuata. Jina langu limesomwa na kufutwa. Yeye yuko kule, mimi na Dorcas tuko hapa nyumbani kwako, na matope nimeyakwangua mpaka nusu ya ukuta.

Barua yangu ya habari za bandarini niliikuta juu ya kabati, Charing aliipokea umekwisha kufa. Haikuwa imefunguliwa. Basi hukujua. Ulikufa ukidhani tumezama, au ukidhani hatukutaka, na mimi sitajua kamwe ulidhani lipi.

Leo nimepika. Shira nimeikosea, nilitia mananasi ya sokoni, nikaiacha motoni mno ikawa chungu. Mwiko wa chuma nimeubandika, sukari ikalia, na Dorcas akaziba masikio. Tulikaa wawili mezani. Nikamkatia kipande cha nje, chenye sukari. Akatafuna polepole, akaniangalia.

"Mama, nyama ya bibi ndiyo hii tu?"

Nikamwambia ndiyo, ndiyo hii.

Akakirudisha kipande kwenye sahani, akaomba wali mtupu.

Mwanao,
Felisa