Nilimnyoa Farasi Ndevu, Kazi Akapoteza Mwingine

Mpendwa Bi Dahabo, naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, maana tangu nirudi kutoka Nairobi kila kichwa nakisuka na kukifumua mpaka wateja wanachoka kungoja, na mimi ni msusi hapa Keroka, sina kazi nyingine.

Nina rafiki anaitwa Natasha. Tulikulia pamoja Ikonge, tulichuma majani chai pamoja wakati wa likizo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsuka kabla ya shule kufunguliwa, halafu yeye akasoma sana, akaenda ng'ambo, akarudi na kazi kubwa Nairobi na jambo moja ambalo nyumbani hakuna aliyeliamini mpaka alipotuma picha, kwamba amenunua farasi. Si wa kulima wala wa kubeba mzigo, Bi Dahabo, ni wa kucheza. Mchezo wenyewe unaitwa dresaji, farasi anatembezwa kwa madaha, mara aende kiupande, mara azunguke palepale, na aliye juu yake hasemi neno, ametulia kama bibi harusi, na majaji wanatoa alama. Sasa kulikuwa na mashindano ya kimataifa, wageni wametoka nchi nyingi, na yule mtu anayemsukaga huyo farasi akateguka mkono, ndipo Natasha akanipigia simu akasema, "Sis, hakuna mtu anasuka kama wewe. Kuja tu unisaidie, ni nywele." Nikafunga saluni nikaenda.

Niliyoyaona huko nikisimulia hapa hawaamini. Farasi ana paspoti na mimi sina. Ana daktari wake, ana mtu wa kumkanda misuli, ana blanketi ya mchana na ya usiku, na kabla ya mashindano anakaguliwa anavyotembea, akichechemea hata kidogo anarudishwa nyumbani. Jina lake ni Kapteni. Mwanzoni nilimwogopa sana, na aliyenitoa hofu ni mtunza farasi wa Natasha, kijana anaitwa Ombui, mtu wetu wa Birongo, ambaye alinishika mkono akauweka kwenye shingo ya mnyama akaniambia, "Dada, msalimie kwanza, asikuone mgeni." Nilifurahi sana kupata mtu wa nyumbani huko kwa wazungu.

Sasa sikiliza kosa langu. Mimi ni Msabato, na zamu ya Natasha ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilimwambia mapema kwamba Sabato ikiingia sishiki mkasi wala kitana, kwa hiyo kila kitu changu nitakimaliza Ijumaa, siku ya maandalio, kabla ya jua kuzama. Akakubali. Ombui akaniambia, "Wewe suka shingo tu, uso uniachie," akaenda kuchukua nyasi za jioni. Nikasuka vile vifundo vidogovidogo mpaka shingo yote ikawa kama ushanga, watu wa mabanda mengine wakawa wanakuja kuangalia, kichwa kikanivimba. Nikatazama uso, nikaona midomoni na kidevuni kuna ndevu ndefu zimetokeza huku na huku, na jua linaenda, na kwangu saluni mteja hatoki kichwa kimesukwa vizuri kidevu kikiwa kichafu. Nilikuwa na ile mashine yangu ndogo ya betri ya kunyolea watoto. Nikamnyoa, Bi Dahabo. Zote. Akatulia kabisa, hata nikamsifu kwa upole wake. Jua lilipozama nilikuwa nimeshakunja kila kitu, nikaimba wimbo wangu wa kufungulia Sabato na moyo mweupe.

Asubuhi Ombui alimvalisha hatamu kungali giza, kwa haraka, kwa sababu zamu yao ilikuwa ya mapema. Mimi nilikuwa kwenye gari la Natasha nasoma lesoni, somo letu la Sabato, lakini jina lake lilipotangazwa nikatoka nikaangalia, macho hayana Sabato. Walicheza vizuri mpaka nikalia. Alama zikaandikwa kwenye ubao, Natasha wa pili, na yeye mwenyewe akaziba mdomo asiamini.

Kisha akaja mama mmoja msimamizi amevaa glavu, akaangalia mdomo wa farasi, akapitisha vidole kidevuni, akarudia, akamwita mwenzake, wakainama wote wawili. Nilidhani wanasifu kazi yangu. Wallahi, nisamehe kuapa kwa dini yako, nilisogea nisikie sifa. Nikasikia farasi ameondolewa mashindanoni. Kumbe zile si ndevu. Farasi haoni kilicho chini ya pua yake, anahisi kwa hizo nywele, na sheria ya mchezo dunia nzima inakataza kuzinyoa, isipokuwa daktari ameziondoa kwa sababu ya maumivu. Jina la Natasha likafutwa kwenye ubao mbele ya watu wote. Na baadaye nilipoona Kapteni anapewa maji, anagonga ndoo kwa mdomo, anashtuka, anarudi nyuma, anaijaribu tena, nilitaka ardhi inimeze.

Tukaitwa bandani. Yuko yule msimamizi, yuko katibu wa klabu, yuko Natasha na macho mekundu. Msimamizi akauliza, "Nani amemnyoa Kapteni?" Ombui hakusema kitu. Aliniangalia. Aliniangalia vile mtu anavyomfungulia mwenzake mlango apite kwanza, na mimi nikaangalia viatu vyangu vya kanisa. Natasha akasema, "Ombui, toka. Nenda nyumbani mpaka nikuite." Akatoka bila kujitetea, na mimi sikufungua mdomo, na hadi leo sijui kwa nini.

Lakini kilichonishtua kuliko hayo yote ni Natasha. Alinipeleka mwenyewe kupanda gari la kurudi, na tukiwa njiani, macho yake yakiwa mbele barabarani, akasema, "Najua ni wewe. Niliiona mashine kwa mkoba wako." Nikaanza kulia, nikamwambia basi turudi niseme. Akasema, "Urudi useme nini? Nimwambie mdhamini farasi wa mashindano nilimpatia msusi wa Keroka? Watanicheka mpaka lini? Na hata hivyo ni kazi ya Ombui kuangalia farasi. Hawa watu hawakosi kazi." Hawa watu! Ombui wa Birongo, mimi na Natasha wa Ikonge, hawa watu ni akina nani? Nilimwangalia kama nimeketi na mgeni. Akaniambia mdhamini, yule anayelipia gharama za farasi, akijiondoa Kapteni atauzwa, na kwamba Ijumaa hii kamati ya klabu itanipigia simu kama shahidi, nithibitishe tu kwamba mashine ilikuwa mikononi mwa Ombui, halafu mambo yaishe. Ombui akiandikwa hivyo, hakuna zizi lingine litamchukua, wenye farasi wote wanajuana.

Nikasema nitafikiria. Jumapili nikiwa saluni akaingia mwanamke simjui, amebeba kuku na ndizi mbivu. Akasema anaitwa Bathsheba, ni mke wa Ombui, ametoka Birongo kunishukuru. Kunishukuru, Bi Dahabo! "Ombui amenipigia akaniambia nisilie, kuna dada Msabato wa Keroka alikuwa pale, atamsemea. Sasa nimeona nije nikuone kwa macho." Akamfunga kuku mguuni pa kiti, wateja wakacheka, na mimi nikapokea, nikasema mbuya mono, vyema sana, kama mtu mwenye haki ya kushukuriwa. Ee Nyasae, Mungu wangu! Alipotoka nilifunga mlango nikakaa chini.

Nikisema kweli nampoteza Natasha, rafiki wa maisha yangu yote, na labda farasi anauzwa kwa sababu yangu. Nikinyamaza Ombui ameisha. Je, hakuna njia ya katikati, kwa mfano nikiwaambia kamati sikuona vizuri? Naomba unijibu haraka, tafadhali, kabla ya Ijumaa.

Msusi, Keroka

Bi Dahabo anajibu:

Dada yangu, chai yangu imepoa juu ya barua yako. Miaka yote niliyouza vitambaa hapa Kisii mjini na kujibu ukurasa huu nimeletewa wake wenza, mipaka ya mashamba na waume wenye simu mbili, lakini farasi aliyenyolewa ndevu huyu ni wa kwanza. Nilicheka, nisikufiche. Hodan, binti yangu, alikuja kuangalia kama niko salama. Halafu nikafika pale Ombui alipokuangalia, na sikucheka tena.

Tuanze na la kunyoa, tulimalize upesi. Hilo ni kosa la asiyejua. Uliambiwa usuke shingo ukateremka mpaka kidevuni. Hicho ni kiherehere, na wasusi wote mnacho, mimi mwenyewe nimetolewa nyusi na msusi nikiwa nimeenda kuoshwa kichwa. Ungesema palepale bandani "ni mimi, sikujua," ungeaibika siku mbili na Natasha angekununia mwezi mmoja. Basi.

Ila ulinyamaza. Mimi ni Mwislamu, ya Sabato nawaachia wenyewe, lakini macho ninayo. Ulikimbizana na jua ili usishike mkasi siku takatifu. Kisha siku hiyohiyo takatifu, umevaa viatu vya kanisa, ukamwacha mtu atoke nje na kosa lako mgongoni. Sasa mbele za Mungu unadhani kipi kizito, mkasi au hicho? Nimekasirika, na nakuandikia nikiwa nimekasirika, kwa sababu huyo kijana angeweza kukunyooshea kidole na hakufanya hivyo. Alikupa nafasi. Mke wake naye akasafiri na kuku akakupa ya pili. Wewe unaomba ya tatu, na hiyo unaitaka iwe ya uongo mdogo.

Hakuna njia ya katikati. "Sikuona vizuri" ni kusema ni Ombui, kwa sauti ya chini. Kamati itaandika vilevile.

Kuhusu Natasha pole, hapo nakuhurumia kweli. Inauma kugundua kwamba mtu uliyemsuka utotoni anaona haya kutamka mji wako. Lakini usiniambie unaogopa kumpoteza. Alipokuhitaji ulikuwa sis, na mambo yalipoharibika ukawa msusi wa Keroka. Leo "hawa watu" ni Ombui, na siku mkikosana ni wewe na mama yako pamoja. Huenda ni hofu tu inayomsemesha, watu huropoka wakiogopa, na huenda ukweli wako ukamrudisha akilini. Ikiwa hivyo mtakuwa marafiki tena, na ikiwa sivyo, hukuwa na kitu cha kupoteza. Na Kapteni akiuzwa atapata mwenye kumlisha, na nywele zake zitaota. Jina la mtu halioti.

Sasa fanya hivi, na ufanye kwa mpangilio huu. Mpigie Ombui kwanza, leo, usimtumie ujumbe. Usimwambie "kulitokea kuteleza," mwambie "mimi niliteleza, nikanyamaza, nisamehe," kisha umsikilize hata akikutukana. Baadaye mpigie Natasha umjulishe kwamba unasema kweli. Unamjulisha, humwombi ruhusa, na akilia lia naye lakini usibadilishe neno. Halafu usingoje simu ya kamati. Mtafute katibu wewe mwenyewe, umwambie mashine ni yako, mkono ni wako, na Ombui alikuwa ameenda kuchukua nyasi. Usiongeze jua, usiongeze haraka, usiongeze machozi. Wakikuuliza kama Natasha alijua, jibu ulichoulizwa.

Kuku usimrudishe, ni matusi kumrudishia mtu kuku. Lakini usimchinje kabla hujafika Birongo ukaketi na Bathsheba ukamweleza ni nani hasa aliyemshukuru. Hiyo safari itakuwa ngumu kuliko simu zote. Uende mchana, majirani wakuone, maana walisikia mume wake amefukuzwa na ni haki yao wasikie pia kwa nini hakustahili.

Umefanya vyema kuandika, mficha uchi hazai. Jina lako nimelificha, na ya wengine nimeyabadilisha, kama tunavyomfanyia kila mtu kwenye ukurasa huu. Farasi ndiye aliyenishinda. Nilijaribu kumgeuza ng'ombe, barua yote ikakosa maana, basi nikamwacha alivyo. Sijui Keroka ina wasusi wangapi waliofunga saluni wakaenda Nairobi kusuka farasi, wewe utakuwa unajua zaidi.

Jibu hili nimekutumia kwenye simu yako leo Jumanne, kabla halijachapwa. Gazeti linafika Keroka Alhamisi asubuhi. Jumatano ni yako.